Mitungi Iliyopanga Foleni Peke Yake

Kosa langu la kwanza na kamera lilikuwa kupenda maji kuliko watu. Nalisema mapema kwa sababu juzi nilipita Kaloleni, mtaa wetu wa Voi, pale penye ule mfereji wetu wa zamani wa kuchotea maji, nikakuta imebaki sakafu ya saruji tu, kavu, na mbuzi amelala juu yake. Nilisimama hapo nikashindwa kuondoka.

Kama ulikulia Voi, foleni ile unaijua. Anayesimama kwenye foleni ni mtungi, si mtu. Mitungi ya plastiki ilipangwa kukiwa bado giza: ya manjano, ya bluu, mmoja umezibwa kwa gunzi la mahindi, mwingine una mkono wa kamba ya mkonge. Kisha wenye mitungi huzunguka wakipiga soga, wakinukia moshi na mafuta ya mandazi, hadi bomba likohoe na zamu yao ifike. Nyanya yangu hakuzunguka. Alikalia mtungi wake, mikono ndani ya leso, akacheka kutoka hapo hapo.

Nilikuwa darasa la nane. Mjomba aliyefanya kazi hoteli ya mbugani alinipa kamera kuukuu, nami nikajifundisha kwa simu ya mama, nikisumbuka na kasoro ambazo hakuna mwingine aliyeziona. Nilikuwa nimesoma kwamba shata, kile kimlango cha ndani ya kamera, ikifunguka na kufungika upesi, hushika tone la maji likiwa hewani. Ikikaa wazi sekunde nyingi, maji hulainika kama hariri. Nilitaka hariri.

Nyanya alitaka kitu kingine. Alikuwa anarudi Wusi, kwenye shamba lake, na safari hii ni ya kukaa. "Nipige picha na hawa wenzangu," akaniambia. "Huko mlimani nitawaona wapi?"

Basi alfajiri moja, bomba lilipokwisha kukohoa, niliweka kamera juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaacha shata wazi. Wanawake wakazunguka kama kawaida yao. Sikuwaambia watulie. Nilikuwa natazama maji.

Tulipoinamia kioo cha kamera, maji yalikuwa mazuri mno. Mitungi yote ilionekana, hata lile gunzi. Watu hawakuwepo; shata ikikaa wazi hivyo, anayetembea hufutika. Foleni ndefu ya mitungi, vijiukungu vyembamba huku na huku, na nyanya peke yake ameketi, wazi kabisa, akimtabasamia mtu asiyeonekana.

"Wee kijana, umetupeleka wapi?" akauliza jirani yetu, mke wa fundi wa reli, mama wa kutoka magharibi. "Hata mimi, na mwili huu wote?"

"Na leso yangu mpya!" mwingine akalalamika.

Walicheka. Kisha muuza mandazi akaitazama tena, akasema polepole, "Mbona amebaki anayeondoka, na sisi tunaobaki ndio hatupo?"

Kila mmoja alienda kushika mtungi wake.

Niliahidi kupiga nyingine kesho, wakitulia. Kesho yake bomba halikukohoa, wala keshokutwa. Nyanya alipanda gari la Wusi kabla foleni haijapangwa tena, na picha ile ile niliyoichapisha studio mjini ikiwa ndani ya kikapu chake.

Likizo ya Agosti nilimfuata. Ukungu wa Wusi huingia hadi jikoni. Nikiwa barazani nachambua maharagwe, nilimsikia akiongea chumbani.

"Habari ya watoto?" Akanyamaza. "Na ule mguu, umepoa?" Akanyamaza tena, muda wa kutosha mtu kujibu, kisha akacheka.

Niliingia nikidhani ana mgeni. Alikuwa ameketi kitandani peke yake, ameielekea ile picha ya foleni ukutani.

"Usisimame hapo, mjukuu wangu," akasema. "Unawaziba."

Nilisogea. Mpaka leo sijui kwa nini nilisogea haraka hivyo. Akanyoosha kidole juu ya mtungi wa gunzi, mahali patupu. "Mke wa fundi." Akakipeleka juu ya kamba ya mkonge. "Muuza mandazi. Leo ana hasira." Kidole kikabaki hewani. "Sauti zao ninazo zote. Nyuso ndizo zinanitoka."

Nilimwambia nitarudi Kaloleni niwapige upya, mmoja mmoja. Nilichelewa. Fundi alistaafu, akahama na mkewe. Muuza mandazi alihamia Miasenyi, barabarani kunakoegeshwa malori. Nyanya hakuiona Krismasi.

Sasa kila ploti ina tangi lake na hakuna anayemsubiri mwenzake. Juzi, nikiwa pale kwenye saruji, nilijaribu kuwapanga kichwani. Mitungi ilikuja yote, kwa rangi zake. Nikasikia vicheko. Nyuso hazikuja, ingawa mimi nilikuwa na macho ya mtoto na niliwaona kila asubuhi.

Siku hizi nikifika penye watu na maji, naweka shata ya haraka na kupiga watu kwanza. Maji hutoka makali, yamevunjikavunjika kama vioo. Nayaacha hivyo.