Hadithi ya Saa Sita Mchana

Nilipokuwa mtoto, pale Ruangwa, hakuna aliyehitaji kunieleza mara mbili kinachompata mtu anayesimulia hadithi jua likiwa juu. Anaota pembe. Bibi alisema hivyo, mama alisema hivyo, na ushahidi wenyewe ulipita mbele ya nyumba yetu kila asubuhi na jembe begani: Mzee Likwata, jirani yetu, mwenye uvimbe juu ya jicho la kushoto. Bibi alituambia kwamba mzee huyo, ujanani mwake, alianza hadithi adhuhuri wakati wenzake wanapalilia ufuta, na kama asingenyamaza upesi leo angekuwa anafungwa kamba pamoja na mbuzi. Nilimwamkia "shikamoo" huku macho yangu yamegandia pale pale kwenye uvimbe, na yeye, maskini, aliniitikia "marahaba" kwa upole kabisa.

Lakini jua likishazama, jamani, nilikuwa moto wa kuotea mbali. Tukishakula, watoto wa nyumba za jirani walijaa uani kwetu, na ni mimi niliyepewa kigoda. Nilijua kucheka kama fisi. Nilijua kutembea kama kobe aliyekunywa pombe. Baba alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu, kisha anasema, "Esha, rudia pale pa fisi."

Halafu Wazungu wakaanza mashamba yao ya karanga huko Nachingwea, na baba akaenda kung'oa visiki. Alisema atarudi mvua zikikatika. Mvua zikakatika, zikaja nyingine, yeye hakuja. Alituma salamu kwa madereva wa malori, siku moja akatuma na khanga ya mama, lakini khanga si mtu. Mdogo wangu, aliyekuwa anajifunza kusema, akaanza kumwita baba mdogo "baba". Mimi nilichukia jambo lile kuliko njaa.

Basi, siku moja Mwalimu Hilari akatuambia darasani kwamba kutakuwa na sherehe ya shule kule Nachingwea. Alikuwa kijana wa Mnero, kaptula yake imenyooka pasi saa zote, na alikuwa mgeni kwetu. Alisema kila shule itapeleka mtoto mmoja tu wa kusimulia hadithi, na lori litambeba kwenda na kurudi. Darasa zima likageuka kuniangalia. Nami sikuwaza sherehe wala lori. Niliwaza kwamba mahali panapojaa watu, na wafanyakazi wa karanga watakuwapo, na katika wafanyakazi wa karanga yumo baba yangu.

"Wanaotaka nitawasikiliza kesho saa sita mchana," akasema Mwalimu.

Saa sita mchana! Saa ya pembe zenyewe.

Kesho yake nikasimama mbele. Jua lilikuwa linaingia dirishani na kunipiga miguuni, jeupe, kali. Nikafungua kinywa. Paji la uso likaanza kuniwasha upande wa kushoto, pale pale pa Mzee Likwata. Nikapeleka mkono kugusa. Ile sauti niliyokuwa natamba nayo kila usiku haikutoka hata kidogo. Nikasimama nimeshika paji kama mtu aliyepigwa na mlango. Wenzangu wakaangua kicheko. Mtoto mmoja mwenye maneno akasema, "Huyo ndiye wenu wa Nachingwea!"

Mwalimu hakucheka. Alinitazama kidogo, akasema, "Kaa, Esha. Kesho nitasikiliza tena, na kesho ndiyo mwisho."

Nilifika nyumbani kamasi na machozi ni kitu kimoja. Bibi alikuwa anapepeta ufuta. Nikamweleza yote. Alichosikia yeye, kwanza, ni kimoja tu.

"Mchana?" akasema, ungo ukasimama. "Huyo mwalimu wenu hana bibi kwao?"

"Bibi, nisiposimulia mchana simwoni baba."

Akaurudia ungo wake. Baba yangu alikuwa mwanawe wa kumzaa, mtoto wa kwanza, na sasa nadhani siku ile alikuwa anapima vitu viwili vizito. Aliendelea kupepeta, makapi yanaruka, mimi nalia. Hatimaye akaweka ungo chini.

"Njoo hapa, mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyoniita akinipenda. "Mwiko ule uliwekwa kwa nini? Mchana watu wana majembe mikononi. Ukisimulia, nani atalima? Nani atasikia? Unamwaga hadithi bure, nayo inakasirika. Usiku ni nini? Usiku ni watu walioweka vitu chini. Basi kesho usianze mpaka kila mkono uko mtupu. Umesikia? Kila mkono. Halafu uite, na wasipoitika vizuri uite tena. Wakishaitika wote, hapo kwako ni usiku, hata jua liwe utosini."

"Na pembe?"

"Pembe niachie mimi."

Asubuhi akachota majivu ya meko ya uani, pale tulipokuwa tunakaa kila usiku, akanipaka paji zima huku ananong'ona maneno ya Kimwera ambayo hakutaka niyashike. Nikaenda shule nimeinua kichwa. Kwa majivu yale ningesimulia hata juu ya paa.

Nilisahau kwamba kila asubuhi kuna ukaguzi wa usafi. Mwalimu Hilari akapita mstarini, kucha, masikio, nguo, akafika kwangu. "Esha, umelala jikoni? Nenda kanawe." Ningemwambiaje? Nilinawa kwenye ndoo huku nalia, na kinga yangu yote nikaiona inaelea pale, ya kijivu, kisha mtu akaimwaga kwenye maua.

Saa sita ikagonga. Akasimama wa kwanza, akasimama wa pili, wakasema vizuri, kusema kweli. Kisha nikaitwa. Jua lile lile, dirisha lile lile. Paji likaanza kuwasha. Miguu ilitaka kutoka nje yenyewe. Nikamwona yule mwenye maneno ameshaandaa kicheko, na mkononi ameshika kibao chake cha kuandikia. Ameshika kibao! Nikawatazama wote. Wengi walikuwa na vibao mikononi, mmoja anachuna gome la kijiti, mwingine anamsuka mwenzake.

"Wekeni chini vitu vyote," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

Wakaangaliana. Wakaweka. Nikasubiri yule wa kusuka amalize kufunga uzi. Nikamgeukia Mwalimu, aliyekaa na fimbo yake mapajani.

"Na wewe, Mwalimu. Shikamoo. Naomba uweke fimbo."

Macho yote yakaigeukia fimbo. Mwanafunzi kumwambia mwalimu aweke fimbo! Nilidhani sasa nitaionja fimbo hiyo hiyo. Mwalimu Hilari akainua nyusi, kisha taratibu akaiegemeza ukutani, akakunja mikono mitupu.

"Hadithi!" nikaita.

"Njoo," wakaitika wachache.

"Hadithi!"

"Njoo!"

"Hadithi!"

"NJOO!" Dirisha likatetemeka, na kuku waliokuwa nje wakakimbia.

Nikawapa fisi aliyekwenda kuposa. Anaona haya kwa meno yake, anaazima ya sungura ili apendeze, na wakwe zake, kwa kumheshimu, wanamwandalia mifupa mitupu. "Hapana, mkwe, mimi siku hizi nakula mchicha tu," anasema fisi, huku mate yanamchuruzika mpaka kwenye mkeka. Yule mwenye maneno alikuwa wa kwanza kuanguka chini kwa kucheka. Mwalimu alitoa leso akafuta macho. Na mimi? Sikumbuki kama paji liliniwasha. Nilikuwa na kazi nyingi mno, nilikuwa fisi.

Nikachaguliwa.

Nachingwea nilikuta vumbi jekundu, matrekta, na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona. Jukwaa lilikuwa la mbao, na jua la siku ile lilikuwa la kupasua mawe. Niliogopa upya, kana kwamba sijawahi kushinda popote. Nikawatazama watu wale wote wazima, wenye vikombe, wenye watoto, wenye fimbo, nikawaomba waweke chini. Wakacheka, lakini wakaweka. Nikaita, "Hadithi!" Wakasitasita, wageni kwa wageni. Kisha nyuma kabisa, juu ya lori la wafanyakazi, mtu mmoja akaitika peke yake kwa sauti ya kupasuka:

"Njoo! Njoo, Esha wangu!"

Nikasimulia. Ee Mola, nilisimulia! Na nilipomaliza, baba alikuwa ameshapasua umati, amenibeba juu kwa nguo zake za vumbi, anawaambia watu asiowajua, "Mwanangu huyu. Mwanangu." Alipomaliza kuwaambia watu, aliomba ruhusa kwa msimamizi wake, akapanda lori letu, na jioni ile mdogo wangu alijua baba yake ni nani.

Nimesimama mbele ya watu wengi tangu wakati ule, redioni, shuleni, kwenye sherehe za kila namna, na hofu haijaacha kunitembelea hata siku moja. Vijana hunijia wakitetemeka kabla ya kusikilizwa, na watu hukimbilia kuwaambia wasiogope. Bibi hakuniambia nisiogope. Angesema pembe ni upuuzi, ningebaki na hofu ile ile, na juu yake aibu. Yeye aliichukua hofu yangu kama jambo la kweli, akanipa kitu cha kufanya nayo: kuwatazama watu badala ya kujitazama mimi. Sijui kama mwenyewe aliamini yale majivu. Ninachojua ni kwamba alikuwa anamtaka mwanawe arudi, na hakuwa na mtu wa kumtuma ila mimi, naye akanituma nikiwa natetemeka hivyo hivyo.