Lenzi ya Barlow na Tindikali ya Mume Wangu

Mume wangu ananunua dhahabu Bugarama, na haamini kitu mpaka akikwaruze. Hereni za mama yangu alizikwaruza siku ya mahari, ukoo mzima ukitazama.

Darubini yangu ni aina ya Newton, bomba refu lenye kioo kilichobonyea chini yake, na makao yake ni uani kwetu Ngokolo. Baba, aliyenifundisha nyota tukichunga ng'ombe, macho yalikuwa yanamwishia. Aliomba jambo moja tu: azione pete za Zohali kabla hajapofuka. Kwenye kamera yangu Zohali ilikuwa punje ya mtama, ndiyo maana nikaagiza lenzi ya Barlow. Unaichomeka mbele ya kamera, sayari inakua maradufu. Kasoro nazo hukua.

Lenzi ilifika Ijumaa. Kesho yake nilitoka sokoni nikakuta bomba limefunguliwa skrubu. Bwana yuko sebuleni, kioo mapajani. Alishakikwaruza kwa msumari na kukidondoshea tindikali yake ya kupimia.

"Nilidhani ni fedha," akasema. "Kumbe magumashi. Umepigwa, mwalimu."

Akacheka mpaka akakohoa. Nilimchukia. Bado namchukia, na chakula namwekea.

Nilirudisha kioo, nikakilenga upya, nikarekodi jioni baada ya jioni. Bila lenzi ungesema darubini ni nzima. Nikichomeka lenzi, pete zinavimba na kuyeyuka. Baba akatuma salamu kutoka Ushirombo: picha iko wapi? Nikachagua iliyo afadhali, nikaichapisha, nikampelekea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Wazee wetu wa Kisukuma huwaita binti zao hivyo, mama.

Akaipeleka picha mlangoni penye jua. Akaisogeza mpaka ikagusa pua.

"Naona ukungu tu."

"Ni picha, baba. Kioo kiliharibika, mkweo alikimwagia tindikali."

Akanishika mkono. "Usinifariji, mayu. Usimsingizie mume wako kwa ajili yangu. Macho yamekwisha."

Nikaapa. Nikalia. Kadiri nilivyolia ndivyo alivyoamini kwamba ninamlilia yeye. Jioni ile alimwita kaka yangu akamkabidhi fimbo ya ng'ombe.

Tangu hapo anaongozwa kwa mkono hadi chooni. Juzi nilikuwa namlisha uji, akaniambia gauni langu limekatika kifungo.