Waombolezaji wa Karatasi

Wilbroad hajawahi kujenga nyumba ya kulala mtu, lakini nusu ya Johannesburg ameijenga, na yote imetosha mezani. Hiyo ndiyo kazi yake katika ofisi ya Murielle pale Randburg, juu ya duka la magodoro. Murielle, mwanamke wa Lubumbashi mwenye miwani inayoning'inia shingoni na ulimi usiojua likizo, ni msanifu wa majengo. Huwachorea wageni wa jiji hili makanisa yao ya Kikatoliki, kumbi zao, na ofisi za zamani za mjini zinazogeuzwa kuwa nyumba za familia. Akishachora, Wilbroad huchukua kadibodi, kisu na gundi, akalitengeneza jengo lile lile kwa udogo, ili fundi cherehani wa Diepsloot na mlinzi wa lango kule Midrand, ambao ramani kwao ni mistari tu, waweze kuinamia meza na kuona watakapoingilia na watakapokaa.

Ni kazi inayomfaa mtu wa ndoto, na kwa kuota akiwa macho Wilbroad hana mpinzani. Alasiri, mawingu ya mvua ya mawe yanapojikusanya na ndege wale hadeda wanapopita juu ya paa wakipiga kelele kama ndugu wanaogombea urithi, yeye hulaza shavu juu ya meza, akafumba jicho moja, akachungulia ndani ya mlango wa jengo alilolimaliza. Hapo msahau. Ameshaingia. Anapita kwenye korido za kadibodi, anasikia nyayo zake mwenyewe, anachagua dirisha la kukaa na kutazama mvua ambayo haipo. Murielle humwita, humwita tena, kisha hucheka na kuwaambia wenzake, "Papa Wilbroad amehama tena." Akitoka kazini na kusimama kwenye robot ya njia panda akingoja taa ya kijani, maghorofa ya kweli humwonekea makubwa mno, kana kwamba kuna mtu alikosea vipimo.

Majengo yake hayakai matupu. Ofisi nyingine hununua watu wadogo wa plastiki, weupe, wasio na sura, wakawapanga ili mteja ajue ukubwa wa mlango. Wilbroad huwakata wake kwa karatasi ngumu, kila mmoja urefu wa kidole cha mwisho, na kuwavika vipande vya kitenge anavyookota kwa washonaji. Huyu kabeba mtoto, yule kachelewa na anakimbia, mwingine kajiegemeza ukutani anasubiri mtu asiyekuja. Wateja huwapenda kuliko jengo lenyewe.

Afrika Kusini alikuja kwa kumfuata mke, jambo ambalo jamaa zake wa Bukoba walilicheka mpaka wakachoka. Baba wa mke huyo, Emiliana, alikuwa mkimbizi wa siasa, mzaliwa wa hapa hapa Johannesburg, aliyeoa Morogoro katika miaka ya uhamisho. Uhuru ulipopatikana akaamua kurudi kwao na familia yote. Emiliana, aliyekuwa ameshaolewa, alimtazama mumewe akamwambia, "Mimi nakwenda. Unakuja, au unabaki kuchunga mbuzi?" Wilbroad hakuwa na mbuzi. Akaja.

Emiliana alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia, na hasa wa misiba. Akisikia kuna mtu amefariki, awe jirani au mgeni asiyemjua hata jina, alijifunga khanga, akaenda, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa akisema binadamu haondoki kimya kimya kama mwizi, lazima aimbiwe. Kisha korona ikamchukua yeye, majira yale makanisa yamefungwa. Hapakuwa na matanga wala Misa. Makaburini walisimama watu wachache wenye barakoa, mbali mbali, na wazishi waliovaa mavazi meupe ya plastiki wakawahimiza wamalize upesi na wasiimbe. Wakamaliza upesi.

Makanisa yalipofunguliwa, jina lake lilisomwa Jumapili moja katikati ya majina mengine mengi, na padre mgeni akalivunja vunja. Wilbroad alishukuru, akaketi, akajua wazi kwamba bado. Mkewe aliwaimbia watu wa kila namna, na yeye hakuimbiwa. Jambo hilo lilimkaa kooni, halishuki wala halitoki. Alitaka kitu kimoja tu duniani, Emiliana aimbiwe, na hakumwambia mtu yeyote. Angeanzaje? Mwaka ule ulipita kila nyumba, na kila nyumba ilikuwa na kidonda chake.

Ndipo ikaja kazi ya kanisa la Wakongomani wa Diepsloot. Walikuwa wakisali katika darasa la shule, wamebanana, watoto wakikaa madirishani. Sasa walikuwa wamepata kiwanja. Murielle, kama ilivyo desturi yake, hakugusa kalamu kwanza. Alikwenda kusali nao Jumapili baada ya Jumapili, akaona jinsi wanavyopeleka matoleo wakicheza, mihogo kichwani, mabega yakienda huku na huku, na jinsi madawati yanavyowakwaza. Aliporudi alichora njia ya katikati pana kama barabara. "Watu hawa hawatembei kwenda altareni," alisema, "wanacheza. Tuwape nafasi ya viuno."

Wilbroad akalijenga. Lilikuwa kanisa zuri: kuta za matofali yasiyopakwa rangi, madirisha ya juu, na paa linaloinuliwa kama kifuniko cha sufuria ili mtu aone ndani. Ilipofika zamu ya watu, alianza na kwaya. Halafu mikono ikashika njia yake. Alikata wanawake wenye khanga kichwani. Alikata mikeka, akaitandika uani, akawaketisha wale wanawake juu yake wamenyoosha miguu. Akakata wanaume, akawaweka kwenye mabenchi nje, kuzunguka moto wa karatasi nyekundu. Mwanzoni alijidanganya kwamba ni waumini tu wa Jumapili. Lakini alipojikuta anamkata mama mkubwa mmoja wa Emiliana wa kule Morogoro, mnene, mwenye kishungi, alijua anachokifanya. Alikuwa anawaita wale wote waliozuiwa kuja.

Mbele ya altare aliacha nafasi tupu, na nyuso zote akazielekeza hapo. Jeneza hakuliweka. Mkono ulikataa.

Siku zile alihama kuliko kawaida yake. Alilaza shavu mezani, akaingia mlangoni, akasimama nyuma kabisa karibu na mtungi wa maji ya baraka. Alisikia watu wakikohoa. Alisikia nguo zikichakarika na mtoto akinyamazishwa. Mwanga ulishuka polepole kutoka madirisha ya juu, na vumbi la kadibodi likaelea ndani yake. Kwaya ilikuwa imesimama tayari, midomo wazi. Alingoja. Alirudi kesho yake akangoja tena. Hawakuimba, na ndoto, ambayo kwa miaka yote haikumnyima kitu, hapo ilimgomea.

Jumamosi kamati ya kanisa ikaja kuliona. Mwenyekiti alikuwa Cédric, msimamizi wa walinzi huko Midrand, mwenye kifua cha ngoma na sauti nzito ya kuamrisha. Pamoja naye alikuja Jeannine, msusi wa nywele kutoka Bukavu na kiongozi wa kwaya, akiwa na waimbaji wake kadhaa, maana wangepitiliza mazoezini. Murielle akainua paa. Wakashangilia. Wakaonyeshana watakapokaa. Cédric akatembeza vidole viwili kwenye ile njia pana, akicheza, wote wakacheka.

Jeannine hakucheka. Aliizunguka meza taratibu, akainama, akatazama uani, akatazama ndani, akarudi uani.

"Papa," akamwambia Wilbroad, "hawa bamama, sababu ya nini wamekaa chini?"

Cédric naye akainama, na uso ukambadilika.

"Na bapapa wako inje na moto," akasema. "Eish! Ile ni kilio. Madame Murielle, kanisa yetu haina hata msingi, mumeisha kuingiza maiti ndani? Nikionyesha watu ile, watakataa. Watasema kanisa iko na mkosi!"

Murielle akavua miwani. "Papa Wilbroad?"

Angeweza kudanganya. Angesema ni ibada ya Ijumaa Kuu, wakaridhika, wakaenda zao. Lakini nyuso zile za karatasi zilikuwa zinatazama ile nafasi tupu, na akaona akidanganya atakuwa amemzika mara ya pili kwa haraka ile ile. Akapiga moyo konde.

"Ni msiba wa mke wangu," akasema. "Alifariki wakati wa korona. Hakufanyiwa msiba. Nisameheni sana, nawaondoa wote sasa hivi."

Akachukua kibano, akakipeleka kwa yule mama mkubwa wa Morogoro. Jeannine akamdaka kifundo cha mkono.

"Acha, Papa. Bibi yako aliimbiwa?"

"Hapana."

"Hata wimbo moja?"

"Walikataza. Na yeye alikuwa mwimbaji."

Cédric, ambaye kidole chake cha kukemea kilikuwa bado hewani, akakishusha, akatafuta kiti. Hakuna aliyekuwa mle ndani asiye na mtu wake aliyempoteza mwaka ule.

"Alipenda wimbo gani?" Jeannine akauliza.

Hapo Wilbroad aliona aibu, kwa sababu jina hakulijua. Ulikuwa wimbo wa shuleni kwao Morogoro. Parokiani hapa, wanakoimba Kizulu na Kiingereza, haukuimbwa hata siku moja. Emiliana aliuimba jikoni tu, maneno akiyatafuna, akikoroga ugali, na Wilbroad alimtania miaka nenda miaka rudi: wimbo gani huu, haupandi wala haushuki, kama mtu aliyedondosha sindano anaitafuta sakafuni? Emiliana alikuwa akitabasamu tu na kuendelea.

Akauimba bila maneno. Sauti yake ilikuwa mbovu na iligonga gonga. Waimbaji wakatazamana. Cédric akatikisa kichwa, hakuujua. Hata Wilbroad alisikia jinsi ulivyokuwa mkavu, nao ndio pekee aliobaki nao.

"Rudilia," Jeannine akasema, akafumba macho. Wilbroad akarudia. Kiganja cha Jeannine kikaanza kupiga paja, polepole. "Papa, mu kwaya bibi yako alikuwa anasimama wapi?"

"Na wenzake wa sauti ya pili."

"Bon. Ile haiko wimbo nzima. Ni sauti ya pili peke yake. Wimbo yenyewe iko juu, na wewe ulikuwa unasikia ya chini tu. Tunaijua, kwetu iko na maneno ingine. Endelea, usiache. Miye naingia."

Akaingia. Sauti yake ikapanda juu ya ile ya Wilbroad, ikapanda tena pale ambapo yeye alikuwa amekaa mahali pamoja, na waimbaji wake wakaja kwa nyuma, na mwisho Cédric, kutoka kwenye kiti chake, akauwekea wimbo sakafu kwa sauti yake nzito. Wilbroad akausikia. Kumbe ulipanda. Kumbe zile nota alizozicheka, zilizokuwa hazina pa kwenda, zilikuwa zimebeba kitu kirefu na kizuri mno, na miaka yote ile pale jikoni Emiliana alikuwa akikisikia kizima, peke yake, huku mumewe akimtania. Akashika ukingo wa meza.

Wanawake wa sauti ya pili wakafungua midomo wamsaidie. Jeannine akawazuia kwa kiganja. Sehemu ile ilikuwa ya Emiliana, na Wilbroad akaiimba peke yake mpaka mwisho, vibaya, machozi yakimwingia mdomoni.