Waliojibu Wawili

Hakuna nyumba ya mtaa wa Shella iliyokubali mtandao wa Peterson mpaka Rufaida, fundi wake, alipopita mlango kwa mlango. Peterson alitoka bara akafungua kampuni ndogo ya intaneti mjini Malindi. Watu walimwona mgeni. Rufaida walimjua tangu utotoni, msichana wa haya asiyefungua kinywa bure. Aliposema mtandao huu ni mzuri, wakamwamini.

Sasa tangu harusi ya jirani ianze, mtandao ulikuja na kwenda.

"Mwanangu, huu mtandao wako una pumu?" mama mmoja akamtania dirishani.

Rufaida alicheka kwa midomo tu. Jina lililokuwa likichafuka lilikuwa lake.

Peterson alikwishaamua. "Chumvi ya bahari imekula mtambo. Kesho nang'oa. Shella tunafunga."

"Nipe leo, bosi."

"Leo tu."

Rufaida akapanda juu ya paa la Bi Mahfudha, ulikofungwa mtambo wa mtaa mzima, akachomeka kompyuta yake. Akatuma ping, ule wito mfupi unaokiuliza kifaa kama kipo. Majibu yakaja, yakakatika, yakaja tena. Akajaribu traceroute, inayotaja kila kituo ambacho data hupitia. Mara ya kwanza njia ilifika Mombasa na kuvuka. Mara ya pili ilifia kituo cha kwanza.

Kutu haichagui hivi, akawaza. Akafungua programu ya kunasa pakiti, inayoonyesha kila kinachopita kwenye waya, akatulia kusoma mstari kwa mstari. Hapo akaona. Kompyuta yake iliuliza ni nani mwenye anwani ya lango la mtandao, mahali data zote hutokea kwenda nje, na vifaa viwili vikajibu: ni mimi. Kimoja kilikuwa cha kampuni. Cha pili kilikuwa ruta ndogo, kisanduku cha kugawa intaneti nyumbani, aina ile ile aliyowafungia wateja wake.

Akainua macho. Waya mpya ulitoka paani pale ukaingia nyumba ya harusi.

"Bi Mahfudha, shikamoo. Ule waya wa kwa kina Lubna ni wa nini?"

"Marahaba. Nimewaazima ruta. Harusi, mwanangu! Nimetoa masufuria, nimetoa mikeka, nitanyima ruta?"

Kumbe aliyeifunga ruta aliingiza waya kwenye tundu lisilo lake, nayo ikajitangaza mtaa mzima kuwa ndiyo lango. Data iliyoifuata ilipotelea humo.

Angeweza kuing'oa akaondoka. Lakini shangazi zake Lubna, bibi harusi, walikuwa Maskati, wanangoja kuiona nikaha kwenye simu. Rufaida akapiga magoti kati ya wanawake waliojipaka hina, akahamisha waya, akaibadilisha ruta anwani, kisha akarudi paani. Akauliza tena. Kikajibu kimoja. Ping zikafuatana bila kukatika, mpaka akachoka kuzitazama.

Simu ikalia. "Nije na ngazi kesho?" akauliza Peterson.

"Njoo leo, bosi, ule biriani. Mtambo wako ni mzima."

Alasiri shangazi wa Maskati walipiga vigelegele, na sauti zao zikajaa ukumbini. Bi Mahfudha akamvuta Rufaida mbele ya simu.

"Huyu ndiye mwenye mtandao!"

"Si wa yule Peterson?" mtu akauliza.

"Peterson ni mwajiri. Mtandao ni wa huyu."

Rufaida hakukanusha.