Nafasi Kwenye Kibanja cha Ndama

Kosa lilikuwa langu. Katika machimbo ya bati kule Kyerwa, tawi la chama chetu cha wafanyakazi lilikuwa na daftari la mazishi, ili mtu akifukiwa na udongo tujue tumpeleke wapi. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini mwandiko wangu ulisomeka, nikapewa kuliandika. Kwa udadisi wangu sikuishia kuuliza wilaya. Niliuliza kilima, mto, jina la babu. Wenzetu kumi waliotoka Rwanda walinieleza kwa furaha, nami nikaandika yote.

Vita ilipopamba moto ng'ambo ya Mto Kagera, msimamizi wa machimbo akalichukua daftari lile. Akatangaza kwamba Ijumaa lori litakuja, na kila mgeni asiye na mwenyeji atarudishwa mpakani. Hakuhitaji kumuuliza mtu kwao ni wapi. Nilikuwa nimekwisha kumuulizia.

Mwenyekiti wa tawi alituita mchana kwenye mfereji wa kuoshea mawe.

"Mwenyeji ni nani?" aliuliza. "Ni yule atakayekuzika kwenye kibanja chake. Basi tuwagawane."

Kwetu maiti huzikwa kibanjani, kwenye migomba ya nyuma ya nyumba, na hakuna anayemlaza pale mtu asiye wake. Mchimbaji mmoja alinong'ona kwamba vita nayo itawafuata hadi kwetu.

"Mimi nachukua wawili," mwenyekiti akasema.

"Na mkeo je?" mtu akauliza.

"Mke wangu ana sharti moja, wasikorome. Anasema mimi namtosha."

Watu wakacheka, na mikono ikaanza kuinuka. Akabaki mmoja, niliyechimba naye shimo moja mwaka mzima. Alikuwa akitoa tope kwenye kucha, hamtazami mtu. Wote wakanigeukia mimi.

"Mnajua sina hata mgomba mmoja," nilisema.

"Kwani hukuzaliwa?" mama mmoja muosha mawe akadakia. "Au tulikuchimba humu pamoja na bati?"

"Kwetu ni kijiji cha Ndama," nikasema.

Alhamisi nilipanda gari hadi mji mdogo wa Omurushaka, kisha nikatembea. Nilikuwa nimeondoka nyumbani kwa ugomvi, na kibanja alikuwa nacho kaka yangu. Nilimkuta anaanika kahawa.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. "Miaka sita hujaja hata kumsalimia mama. Leo umekuja kuomba nini?"

"Kaburi."

Mikono yake ikasimama. "Unaumwa?"

"Si langu. La mtu ninayefanya naye kazi."

Nilimweleza yote, hata habari ya daftari. Alinisikiliza huku akichambua buni mbovu. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba, hadi kwenye kaburi la baba. Kando yake palikuwa peupe, pamefyekwa vizuri.

"Pako hapo," alisema. "Mama amekataza pasipandwe kitu."

"Mpe yeye."

"Na wewe?"

Niliokota jani kavu lililoangukia kaburi la baba. Kaka akaenda kuvaa shati, tukafuatana hadi kwa mwenyekiti wa kijiji kuandikiwa barua kwamba mwenzangu ana mwenyeji. Mama alikuwa msibani kwa jirani. Sikumngoja.

Ijumaa nilipofika machimboni, lori lilikuwa linanguruma. Mwenzangu alikuwa juu, peke yake, kifurushi mapajani. Lakini lori halikwenda popote. Wachimbaji wote walikuwa wamekaa chini barabarani mbele ya magurudumu, kila mtu na sururu yake, mwenyekiti wetu mbele kabisa. Msimamizi aliisoma barua mara mbili, akawatazama wale waliokaa, akampungia mwenzangu mkono ateremke.

Mwenzangu hakunishukuru. Alijikung'uta vumbi, akauliza, "Mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Basi Jumapili unipeleke. Siwezi kuzikwa kwa mtu ambaye sijamsalimia."

Nilimwambia barabara ya Ndama ni mbaya, na ni mbali.

Akasema tutatoka mapema.