Miraba ya Mjomba Mhoma

Gundi ya unga wa muhogo, ile ya kupikwa sufuriani mpaka ivute, siwezi kuinusa nikabaki na amani. Juzi mjukuu wangu alikuwa akibandika picha za shule. Harufu ikanifikia, nikatoka nje. Ngojeni niwaambie nyinyi, maana nyumbani sijamwambia mtu.

Mjomba Mhoma, ndugu wa mama, aliendesha mashine ya sinema Moroni. Alikuwa hajaoa, akakaa nasi mtaa wa Badjanani. Wenzake walipenda mpira. Yeye alimpenda mwigizaji mmoja wa Ulaya, Mkroati, mwenye macho ya kijivu. Alikata picha zake kwenye magazeti ya Kifaransa, akazibandika daftarini kwa gundi hiyo ya muhogo. Maisha yake aliyajua kuliko ya jirani: mtoto wa fundi viatu, akaanza kwa kubeba viti vya jukwaani, hata akawa nyota.

"Huyu filamu tano za mwanzo alikufa tu," alinihadithia. "Dakika ya kumi, chali! Subira, mwanangu. Subira huvuta heri."

Uhuru ukaja, kisha ukaja utawala wa vijana. Wanafunzi wa sekondari wakawa ndio serikali, na uganga ukapigwa vita. Shuleni tukaambiwa: ukiona kitabu cha mganga, sema. Nilikuwa na miaka tisa, na kiherehere changu, Mungu anisamehe, kilitosha watu wawili.

Siku moja nikalifungua lile daftari hadi kurasa za mwisho. Huko hapakuwa na picha. Palikuwa na miraba, safu kwa safu, imejaa tarakimu na herufi za Kiarabu zisizo na irabu, ambazo mtoto wa chuo cha Kurani kama mimi hakuweza kuzisoma. Miraba ya namna hiyo niliijua: ndiyo inayoandikwa ndani ya hirizi. Basi nikasema.

Vijana watatu wakaja mchana. Mjomba akawaeleza, "Jamani, hizi filamu zake! Huu mwaka, hili jina. Wallahi!" Nani amsikilize? Walimnyoa kichwa, wakampaka masizi, wakamtembeza sokoni, na daftari wakalichoma mbele yake. Nami nilikuwa kwenye kundi, nanusa gundi ikiungua. Alinitazama mara moja tu.

Akahamia Mutsamudu, kisiwa kingine, akawa mchukuzi bandarini, na sinema hakuingia tena. Kila likizo nilikwenda nikidhamiria kumwambia. Kila likizo alinikaangia samaki, nikala, nikarudi zangu Moroni.

Miaka mingi baadaye redio ikatangaza kwamba yule Mkroati amefariki. Nikapanda ndege hadi Ouani, kiwanja cha karibu na kwake, daftari jipya mkobani. Mjomba alikuwa haoni tena.

"Kumbe naye amekwenda," akasema, akafuta macho. "Haya, andika."

Akazitaja filamu moja moja, mwaka kwa mwaka, bila kubabaika. Mimi naandika tu, mstari chini ya mstari. Akasikiliza kalamu, kisha akaupapasa mkono wangu.

"Chora miraba, mwanangu. Au bado unaiogopa?"

Loo! Alijua. Miaka yote ile alijua, na samaki akanikaangia. Nilichora, ila neno la kuomba radhi sikulitoa. Nikajiambia, nitalisema kesho, tukimaliza.

Asubuhi hakuamka. Nilidhani nimempelekea daftari. Kumbe yeye alikuwa ananifungulia mlango wa kuomba radhi, nami nikasimama kizingitini. Daftari ninalo mpaka leo. Miraba ya mwisho ni mitupu, na hakuna wa kunitajia cha kuandika humo.