Mhasibu wa Marseli

Marseli ni mtoto wa kaka yangu Inosenti, na kazi yake ni dereva wa watalii. Ana gari refu lenye paa la kufunguka. Anawapeleka wazungu Kreta, lile bonde la Ngorongoro, anawaonyesha nyati, anawarudisha hotelini jioni wakiwa wamechoka kwa kukaa. Mimi nyati nilikuwa nawafukuza kwenye mahindi ya baba kwa kupiga debe, na hakuna aliyenipiga picha.

Alizaliwa hapa Oldeani, kwenye nyumba za vibarua wa shamba la kahawa, chumba cha karibu na bomba. Nalisema hili kwa sababu yeye huwaambia watu kazaliwa Arusha. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaota meno, nikamchukua. Alikuwa mtoto wa kujikweza tangu hapo. Ukimpa kiazi anauliza kama wali haupo. Viatu vya shule alikuwa navyo jozi moja, nami ndiye niliyevinunua kwa kahawa niliyochuma, lakini wenzake aliwaambia jozi nyingine ipo nyumbani, inapumzika.

Mwaka huu kampuni yake ikamchagua kwenda Ujerumani kwenye maonyesho ya utalii, akasimame nyuma ya meza na kuwaeleza Wajerumani Ngorongoro iko wapi. Babu yangu aliwachumia Wajerumani kahawa kwenye shamba hili hili. Nadhani njia wanaijua.

Habari za safari nilizipata kwa mwanamke anayeuza nyanya. Marseli mwenyewe hakuja kuniaga. Na huyo wa nyanya alinieleza pia jinsi simu ilivyoandaliwa, maana mji mzima wa Karatu ulikuwa umeelezwa. Simu ni mpya. Imebandikwa kioo cha juu ili isikwaruzike. Imewekwa ramani ya mji mzima wa Wajerumani, inafanya kazi hata pasipo mtandao. Pasipoti, tiketi na kadi ya chanjo vimepigwa picha vikahifadhiwa humo. Kichwa cha chaja chenye meno ya kule kimenunuliwa pia. Halafu imewekwa kitu cha kutafsiri: Marseli akikaa baa anaiuliza simu kwa Kiswahili choo kiko wapi, simu inajibu kwa Kijerumani, watu wanacheka, anaagiza bia nyingine. Sweta alikuwa hajanunua.

Katika maandalizi yote hayo lilibaki jambo moja, laini. Yake ilikuwa ya zamani, pana, na simu mpya inataka kadogo kama ukucha wa mtoto. Mtu mwingine angekwenda kwa wakala akabadilishiwa. Marseli aliomba mkasi. Alikata mbele za watu, huku akiwafundisha namna ya kukata, akapitisha mkasi kwenye ile sehemu inayong'aa kama dhahabu. Laini ikafa.

Ndipo aliponikumbuka, kwa sababu laini ile si yake. Ni yangu.

Serikali ilipotangaza kwamba kila laini isajiliwe kwa kidole na kitambulisho cha taifa, sisi wazee tulipanga foleni ofisi ya kata, juani, mpaka tukapata. Marseli alipita na gari akashusha kioo. "Shangazi, mnagawiwa mahindi ya msaada?" Wenzangu walicheka, mimi sikucheka. Siku za mwisho zilipofika alikuwa hana kitambulisho, akaja nyumbani na sukari, nikampa kidole. Baadaye alipata kitambulisho chake, akapata na pasipoti, lakini laini akaiacha hivyo hivyo kwenye jina langu. Namba ile kaichora mlangoni mwa gari. Anayemtumia pesa anaona jina la Antonia Qamara. Sikuwahi kujiuliza watu anawaambia Antonia Qamara ni nani.

Basi asubuhi ile gari likasimama mlangoni kwangu. Akaniamkia kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu. Marseli akiongea Kiiraqw, ujue ameshikwa pabaya.

"Shangazi, twende mjini mara moja. Nina shida na wewe kidogo."

"Na mimi au na kidole?"

Akaangalia kuku. Kumbe alishaambiwa na wakala kwamba laini hairudi bila mwenyewe. Ndege ni kesho jioni, wenyeji wake wa Ujerumani wanayo namba ile tu, wasapu haifunguki kwenye simu mpya mpaka uingie ujumbe wa tarakimu kwenye laini, na hela yote ya safari imo humo.

"Bila laini siendi, shangazi. Bosi amesema nisipokuwa tayari leo, anampeleka mwingine. Nikifika kule sina namba nitakuwa kama kipofu."

"Si umeweka ramani."

Nikamaliza chai yangu, nikaoga, nikavaa kitenge cha kanisani. Hapo katikati alipiga honi, nikavua viatu nikavipaka rangi upya.

Garini alikuwa ametandika shuka kwenye kiti changu ili kisichafuke. Nililikunja vizuri, nikamwekea mapajani, nikakaa.

Wakala ni binti anaitwa Aneth, ana kibanda karibu na stendi. Tulikuta watu wanasubiri, na mmoja wao ni Josephati, dereva mwenzake Marseli, mtu wa maneno mengi. Aneth akachukua kitambulisho changu, akasoma jina kwa sauti ili nithibitishe. Josephati akageuka.

"Antonia Qamara ndiye huyu? Marseli, si ulisema ni mhasibu wako?"

Marseli akawa anakagua chaja.

"Mhasibu?" nikauliza.

"Mama, mimi kila nikimtumia hela linatokea jina hilo. Akasema ana mhasibu yuko Arusha, mama msomi wa chuo kikuu." Akanitazama mpaka viatuni. "Shikamoo mhasibu."

"Marahaba."

Mimi niliishia darasa la nne. Miaka yote hiyo nilikuwa msomi wa chuo kikuu na hakuna aliyenipa taarifa.

Aneth akasema kompyuta inataka namba tano ambazo laini hii huzipigia mara kwa mara. Mimi ningezijulia wapi? Nikamtazama Marseli, naye Aneth akajifanya anapanga vocha. Marseli akataja namba ya bosi, ya fundi wa gari, ya Josephati. Ya nne aliitaja kwa sauti ndogo, bila jina, na Josephati akakohoa. Ya tano ikakwama.

"Weka ya shangazi yako," Aneth akasema.

Hakuwa nayo kichwani. Nilimtajia mimi, tarakimu moja moja. Aneth akabonyeza, akangoja, akatikisa kichwa. "Hii haimo. Haijapigiwa siku nyingi."

Nilijua haimo. Nilitaka mashine imwambie.

Ya tano ikawa ya baa.

"Haya bibi, leta kidole."

Nikaficha mikono ndani ya kitenge. "Binti, hujauliza mimi ni nani kwa huyu."

"Haihitajiki, bibi."

"Mimi naihitaji."

"Shangazi, watu wanasubiri," Marseli akasema.

"Foleni haimuui mtu. Mimi niliwahi kukaa kwenye moja na wewe ukapita."

Akatazama saa, akatazama simu yake mpya pale mezani, kioo kinang'aa na ndani hakuna kitu. Simu ikamwonyesha uso wake mwenyewe.

"Ni shangazi yangu," akasema.

"Josephati hajasikia."

"Ni shangazi yangu, dada yake baba. Ndiye aliyenilea."

"Nilikulelea wapi?"

"Oldeani."

"Na Arusha?"

"Arusha nilikwenda nikiwa mkubwa."

Josephati aliegemea kibanda mpaka mabati yakalia.

Nikatoa mkono, nikaweka dole gumba. Mashine ikakataa. Nikaweka kingine, ikakataa. Vidole vyangu vimechuma kahawa tangu nikiwa msichana, vimebaki laini kama sabuni iliyotumika. Marseli akaanza kutoka jasho. Alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu ajue kuvuka barabara, akanifuta vidole kimoja kimoja kwa fulana yake ya kampuni, polepole, kama anavyofuta kioo cha simu.

"Jaribu hiki, shangazi. Bonyeza kidogo. Usitetemeke."

"Anayetetemeka ni wewe."

Kikakubali kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile ambacho hakikuwa na kazi yoyote mtini. Aneth akatoa kadi mpya ndogo, akaichomeka. Baada ya muda simu ikaanza kulia ujumbe juu ya ujumbe, na Marseli akarudiwa na kifua chake. Akaanza tena kuongea Kiingereza.

"Shangazi, kwa kuwa tupo wote hapa, Aneth aihamishe kabisa iwe jina langu. Tumalize."

"Ukirudi."

"Kwa nini?"

"Mkasi bado unao."

Akaondoka kesho yake. Sweta alinunua mtumbani njiani kwenda kiwanja cha ndege, nasikia lilikuwa la kike.

Kutoka huko Ujerumani amenipigia zaidi ya alivyonipigia akiwa Karatu. Hana la maana. Anasema kuna baridi, simu ikitoka mfukoni inazimika yenyewe, na ile ramani imezimika nayo, kwa hiyo anauliza njia kwa mdomo kama watu wengine. Kisha anashusha sauti, kwa adabu kubwa, ananiuliza vidole vyangu vinaendeleaje.

Namwambia vinachambua maharage.